Trauti wa kijito cha bondeni wananikimbia kabla hata sijarusha, nakosea wapi?

Kijito_Baridi

Wakuu habari za leo. Naombeni msaada maana hapa nilipofika nimekwama kabisa.

Nimeanza kuvua kwa nzi bandia (ndoana iliyofungwa manyoya ifanane na mdudu) kama miezi nane hivi, nilijifunzia bwawani na huko nilikuwa napata, sio kila siku ila napata. Mwezi huu nikaanza kwenda kwenye kijito cha mlimani, kanashuka bondeni katikati ya mawe na miti, upana hatua nne, sehemu nyingine mbili tu, maji ya baridi na maangavu kiasi kwamba kokoto za chini unazihesabu. Trauti wamo, nawaona kwa macho yangu. Lakini siku tatu nzima nimerudi mikono mitupu.

Niwaeleze matukio mawili labda mtanielewa. La kwanza, kulikuwa na mmoja nyuma ya jiwe kubwa, urefu wa kiganja na vidole vyake, wale wa kahawia wenye madoa mekundu yaliyozungushiwa rangi nyeupe. Katulia, mkia unapepea pole pole tu. Nikasimama ukingoni kama mita sita kutoka alipo, nikainua rodi, mshipi ukiwa bado hewani yeye hayupo. Hata alipopitia sikuona, niliona mchanga tu umetifuka.

La pili ndilo linaloniuma. Nzi alitua vizuri, akaelea, trauti akapanda kutoka chini akaja kuweka pua karibu kabisa na nzi, akashuka naye kinyumenyume kama shubiri mbili, alafu akageuka akarudi chini taratibu. Hakuogopa, alikataa tu. Nikabadilisha nzi mara sita, hakupanda tena.

Vifaa vyangu ni rodi ya futi 9 mshipi namba 5, lida (uzi mwembamba unaofuata baada ya mshipi) futi 9, tipeti (kipande chembamba cha mwisho kinachofungwa nzi) 5X. Nzi natumia Adams namba 14 mara nyingi, nina boksi zima la wengine.

Sasa je, shida ni nzi? Ni tipeti nene? Nitafute rodi fupi? Au niachane na nzi wa kuelea nihamie nimfu, wale wa kuzama? Nipeni ukweli wenu.

MzeeWaMshipi

Mkuu karibu kwenye vijito, ukishazoea huko bwawa utalisahau. Na usinunue kitu chochote kwanza.

Tukio lako la kwanza halihusiani na nzi hata kidogo. Yule samaki hakuona nzi. Alikuona wewe.

Ngoja nikueleze anavyoona maana watu wengi hawajui na mimi mwenyewe nilivua miaka mingi bila kujua. Mwanga ukiingia majini unapinda, kwa hiyo trauti aliye chini ulimwengu wote wa juu anauona umebanwa ndani ya duara moja juu ya kichwa chake, pembe yake ni kama nyuzi 97. Nje ya hilo duara uso wa maji kwake ni kioo, anaona mawe ya chini yakijirudia humo. Upana wa duara ni zaidi kidogo ya mara mbili ya kina alichopo, maana yake akiwa nusu mita chini ana duara la mita moja na kitu, akiwa sentimita 10 tu chini ya uso wa maji duara lake ni kama sentimita 23. Shika hayo maneno ya sentimita 23 tutayarudia.

Sasa vitu vilivyo chini chini karibu na usawa wa maji vinasukumwa pembeni kabisa mwa lile duara, vinakuwa vyembamba, havieleweki. Kitu kilichosimama wima ndicho kinachoingia ndani ya duara na kuonekana. Wewe ulikuwa mita sita, umesimama juu ya ukingo, mkono juu, na juu ya mkono kuna futi 9 za rodi inayomeremeta. Kwake huo ni mti umeanza kutembea. Ungekuwa umepiga magoti hapo hapo mita sita, ungekuwa kitu hafifu cha pembeni na huenda angebaki.

Cha pili, trauti anaelekeza kichwa kule maji yanakotoka. Chakula kinatoka huko na maji yanapita kwenye matamvua bila yeye kuhangaika. Macho yake yako ubavuni, mbele anaona, pembeni anaona, nyuma kabisa ya mkia ndiko kuna kasehemu kadogo haoni. Kwa hiyo anza chini upande mto, kila samaki umfikie kwa nyuma. Ukishuka na mto unamwendea usoni, na matope unayotibua yanakutangulia.

Cha tatu miguu. Ubavuni ana mstari unaosikia kila mtikisiko wa maji. Mnaweza mkaongea kawaida tu, sauti ya hewani haiingii sana majini, lakini mawe mawili yakigongana chini ya buti lako taarifa imefika. Mimi nikifika lindi jipya sishiki rodi kwanza. Nakaa chini, mbali na maji, naangalia kama dakika tano mpaka nione wa kwanza. Wapo wanaoniona napoteza mda lakini katika kijito mrusho wa kwanza ndio wenye thamani, wa tano unamrushia samaki aliyejificha chini ya mzizi.

Na kivuli chako, na kivuli cha mshipi pia, angalia jua liko wapi kabla hujapiga hatua.

Dada_Ndoana

Nakubaliana na Mzee kwa lile la kwanza. Mimi nataka niongelee lile la pili kwa sababu hilo nalijua vizuri sana, limenitesa.

Kaka, yule aliyepanda akashuka na nzi wako akamkataa, umebadilisha nzi mara sita na tatizo halikuwa nzi. Lilikuwa mburuto. Nakuhakikishia kwa asilimia kubwa.

Fikiria kijito chenyewe. Katikati maji yanakimbia, pembeni yanatembea, nyuma ya jiwe yamesimama au hata yanarudi nyuma. Nzi wako katua kwenye maji ya taratibu pale samaki alipo, ila mshipi wako umelala juu ya maji yanayokimbia. Sekunde moja, mbili, mkondo unauchukua mshipi, mshipi unavuta lida, lida inamvuta nzi. Sio lazima umuone nzi anakatiza kama boti. Wakati mwingine anaburuzwa upana wa kidole tu na wewe kutoka ulipo huoni chochote, lakini samaki aliyeweka pua chini yake anaona. Anajua mdudu hana nguvu ya kwenda kinyume na maji.

Ukitaka kujua kama nzi wako anaburuzwa usimwangalie yeye, angalia povu. Chagua kipovu kimoja kilicho karibu naye kabisa, wakisafiri pamoja uko salama, nzi akiachwa nyuma au akitangulia hata kidogo basi hapo umeshakataliwa. Mimi nilikaa siku nzima nafanya hivyo tu, kulinganisha nzi na povu, na nilijifunza mambo ambayo sikuyajua kwa misimu miwili.

Dawa yake kwenye kijito ni rahisi kuliko mto mkubwa kwa sababu una uwezo wa kusogea. Sogea karibu. Ukiwa umepiga magoti na uko nyuma yake unaweza kufika mita tatu nne. Hapo rusha lida na kipande kidogo tu cha mshipi, alafu inua ncha ya rodi juu taratibu ili mshipi wote uwe hewani, majini iwepo tipeti na nzi peke yake. Mkondo wa katikati hauna kitu cha kushika tena. Hapo ndipo rodi yako ndefu ya futi 9 inakusaidia, usiitupe. Wajapani wana mtindo wao wa zamani unaitwa tenkara, huko hakuna rili kabisa, lile gurudumu la kukunjia mshipi, rodi ndefu na mshipi umefungwa kwenye ncha, na ulizaliwa kwenye vijito vya milimani kama hicho chako kwa sababu hiyo hiyo, mshipi usiguse maji.

Ila miti ikiwa imefunga juu rodi ndefu itakusumbua, hilo lazima niseme. Kuna namna mbili usizikose. Moja ni kubingirisha, mshipi hauendi nyuma kabisa, unauvuta pole pole juu ya maji mpaka rodi ifike usawa wa sikio na mshipi unaning'inia nyuma ya kiwiko, alafu unaisukuma mbele unabingirika kama gurudumu. Ya pili ni ya upinde, unamshika nzi kwenye mkunjo wa ndoana sio kwenye ncha, unamvuta nyuma mpaka rodi ipinde, unalenga, unaachia. Anaruka mita tatu nne anapita chini ya matawi mahali hakuna mtu mwingine aliyewahi kupitisha kitu. Jifunze kumshika vizuri kwanza, ndoana ikiingia kwenye kidole gumba siku imeharibika, mimi yalinikuta na nilikuwa mbali na watu.

fundi_manyoya

wakuu mmeongea vizuri ila naona nzi mwenyewe mmemsahau kabisa na mimi ndo nafunga nzi kila jioni kwaiyo mniruhusu

kweli kwenye kijito kidogo cha mlimani samaki hachagui sana, maji baridi yanayokimbia juu ya mawe matupu hayana chakula kingi, kitu kikipita ana sekunde moja ya kuamua ale au aache, ndo maana Adams inafanya kazi, ile nzi ilifungwa mara ya kwanza 1922 huko Michigan Marekani na jamaa anaitwa Len Halladay na haifanani na mdudu yeyote hasa, kijivu tu na manyoya yaliyochanganyika kahawia na kijivu, inafanana na vyote kidogo kidogo. kwaiyo usiiache, lakini shuka saizi, namba 14 kwenye maji maangavu na tulivu ni mkubwa, beba 16 na 18 pia, namba ikipanda nzi anakuwa mdogo

ila mimi nasema hivi, kabla hujafungua boksi lako geuza jiwe. ingia pale maji yanapokimbia juu ya kokoto, kina cha chini ya goti, nyanyua jiwe la saizi ya mkate taratibu uligeuze juu uone kilichoshika chini yake. utaona vidude bapa vimejibandika vinakimbia kiupande upande, tazama mkiani, vikiwa na mikia mitatu mara nyingi ni watoto wa mdudu anaitwa mayflai, ikiwa miwili na mwili mrefu mgumu hao ni wa mdudu mwingine, stonflai na wao wanataka maji safi sana, kwaiyo ukiwaona furahi. alafu utaona vijumba vidogo vya mchanga na vijiti vimegandishwa kama mrija, ndani kuna mnyoo mwenye kichwa cheusi, huyo ni mtoto wa kadisi, mdudu mwingine wa majini. nilishawahi kaa na jiwe mkononi mpaka mmoja akatoa kichwa na miguu akaanza kutembea na kijumba chake juu ya kidole changu, tangu siku hiyo nzi zangu zote za kadisi zilibadilika, nilikuwa nafunga rangi ya kijani iliyokoza kumbe hapo kwetu mtoni walikuwa njano chafu. rudisha jiwe kama lilivyokuwa tafadhali, upande ule ule, ni nyumba za watu hizo

sasa hao wote wako chini na trauti chakula chake kingi anakila chini, mimi naamini ukivua nzi wa kuelea peke yake unawaacha wengi. funga nzi mkubwa anayeelea, Elk Hair Caddis namba 14 hivi maana manyoya yake yanaelea sana, alafu kwenye mkunjo wa ndoana yake funga tipeti sentimita 40 mpaka 50, chini weka nimfu ndogo Pheasant Tail namba 16. ile nimfu iligunduliwa na mtunza mto mmoja Uingereza, alitumia nyuzi za mkia wa ndege fezanti na waya mwembamba wa shaba, uzi wa kawaida hakutumia kabisa, waya ndo unaofunga na ndo unaozamisha. nzi wa juu akisimama au akizama ghafla nyanyua rodi

tipeti 5X ni milimita 0.15 iko sawa, kuna hesabu rahisi, toa namba kwenye 11 unapata elfu za inchi, 5X ni elfu 6, 6X ni elfu 5. mimi kwenye kijito sijatumia nyembamba kuliko 5X maana mizizi ni mingi na samaki akikatika na ndoana mdomoni roho inaniuma

MzeeWaMshipi

Fundi nakuheshimu na nzi zako nimezivulia, lakini kwa mtu anayeanza kijito mimi nitampa nzi mmoja wa kuelea tu. Nzi wawili kwenye lida moja chini ya matawi ni mafundo kila dakika kumi, na kila fundo ni dakika tano umesimama ukipunga mikono. Akishajua kufika bila kuonekana aongeze nimfu.

fundi_manyoya

sawa mzee lakini asubuhi maji yakiwa baridi sana hakuna anayepanda juu, atakaa anatazama maji? basi afunge nimfu peke yake asubuhi na arushe mbele ya samaki kwa mshipi mfupi. mafundo yapo hilo sikatai

Kijito_Baridi

Aisee asanteni sana, sikutegemea. Kumbe ndio maana bwawani nilikuwa napata, maji yamesimama hakuna mkondo wa kuvuta mshipi na nilikuwa narusha mbali.

Naomba niulize mawili zaidi. Kwanza nitajuaje walipo kabla sijawatisha? Nikiwaona tayari wameniona. Pili, siku ya pili kuna mmoja alichukua nzi kabisa nikavuta na nzi akarudi akaning'inia mtini nyuma yangu. Nilichelewa au niliwahi?

povu_jeupe

Kwa kunasa: ulivuta kwa nguvu za bwawani. Mshipi ukiwa mfupi hivyo huhitaji kuvuta, nyanyua mkono tu kama unanyanyua kikombe. Kwa hawa wadogo wa kijito anachukua na kutema haraka kwa hiyo usichelewe, ila kwa nguvu ndogo. Nyanyua kiupande kuelekea kushuka mto, samaki asiponasa nzi hatapanda mtini na samaki mwenyewe hutamtupa hewani, nimeshaona mtu kafanya hivyo na sio vizuri kwa samaki.

Kujua walipo, hapa ndipo penye utamu wenyewe. Trauti anataka vitu vitatu, maji yasiyomchosha, chakula kinachopita karibu, na mahali pa kukimbilia. Unatafuta mahali vyote vitatu vimekutana. Maji ya chini kabisa yanakwenda taratibu kuliko ya juu kwa sababu ya msuguano wa mawe, kwa hiyo hata kwenye maji ya kasi anaweza kukaa kwenye kashimo kadogo nyuma au hata mbele ya jiwe, mbele ya jiwe kuna kama mto wa kulalia wa maji yaliyotulia, watu wengi wanapapita. Alafu fuata povu. Mkondo unaobeba povu ndio huo huo unaobeba wadudu, mstari wa povu ukigusa ukingo uliochimbika chini au mzizi, hapo kuna mtu na mara nyingi ni mkubwa wa eneo.

Na viduara vya samaki anapokula juu, jamani msilenge duara. Duara linashuka na maji toka linapotokea. Ukiliona lipo hapa yeye alikula juu zaidi, na makazi yake yako juu zaidi tena kwa sababu alirudi nyuma akimfuata mdudu kabla ya kumchukua. Rusha mita moja juu ya hapo ulipoona duara linaanza. Tazama pia kama duara limeacha kipovu, likiacha kipovu kavuta hewa pamoja na mdudu wa juu kabisa, ukiona mgongo au mkia tu umegeuka bila kipovu basi anakula wanaopanda chini kidogo ya uso wa maji, wako wa kuelea hatamtazama.

Kitu kimoja ambacho hakuna aliyekisema. Lindi lina mkia, pale maji yanapojikusanya kuwa membamba na laini kabla hayajamwagika kwenye mawe ya chini. Kila mtu akifika anatazama kichwani mwa lindi kule maji yanapoangukia anapiga hatua kwenda huko, na mkiani kulikuwa na kadogo kamelala kwenye maji ya kifundo cha mguu. Kale kadogo kanachomoka kinakimbilia juu kama mshale, na akipita katikati ya lindi wote wanajua. Umemaliza lindi zima kwa hatua moja. Kwa hiyo mrusho wa kwanza ni mkiani, hata kama huoni kitu, ukiwa bado uko chini ya lindi umejificha nyuma ya mawe ya poromoko.

Na hapo ndipo sentimita 23 za Mzee zinakuja. Yule wa mkiani amekaa juu juu, duara lake ni dogo, nzi akipita sentimita 30 pembeni labda hamuoni kabisa. Mrusho mfupi unaotua panapotakiwa.

MzeeWaMshipi

Ndiyo hasa nilichotaka kurudia, asante povu.

Mama_wa_Bondeni

Wanangu mmemfundisha kuwapata, na mimi naomba mmfundishe kuwaacha salama, maana kijito cha hatua nne hakina samaki wengi, mtu mmoja mwenye bidii anaweza kukimaliza na hatajua kwamba amekimaliza.

Mwanangu Kijito, nunua kipimajoto kidogo, hicho ndicho kifaa pekee nitakachokuambia ununue. Trauti anajisikia vizuri maji yakiwa nyuzi 10 mpaka 16 hivi. Yakifika 20 acha, kunja rodi, kaa chini ya mti upumzike. Maji ya nyuzi 10 yanabeba hewa ya oksijeni kama miligramu 11 kwa lita, yakiwa 20 yanabeba kama 9, na wakati huo huo mwili wa samaki unataka hewa zaidi. Umpiganishe kwenye maji hayo, umuachie, aogelee vizuri mbele ya macho yako, na baadaye afe chini ya jiwe usipomuona. Anza alfajiri, mchana wa joto uwaachie wenyewe.

Bana kidole cha ndoana kwa koleo kabla hujafunga nzi, kile kikucha cha nyuma ya ncha. Ukifanya hivyo humhitaji hata kumshika, unafuata tipeti kwa vidole mpaka kwenye nzi, unageuza ndoana, anaondoka mwenyewe akiwa bado majini. Ikibidi umshike lowanisha mkono kwanza, ule ute juu ya ngozi yake ndio kinga yake dhidi ya maradhi na mkono mkavu unautoa. Usiingize kidole kwenye matamvua, usimlaze kwenye mawe. Ukitaka picha mtoe majini mtu mwingine akiwa tayari na kamera, na ubane pumzi, yako ikikata basi na yake imekata, mrudishe.

Na angalia unapokanyaga. Trauti wa kahawia wanataga majira ya baridi yanapoanza, wa upinde wa mvua kwa kawaida ni baridi inapoisha. Jike anafagia kokoto kwa mkia anachimba kijishimo anataga anafukia. Utaona kwenye kokoto doa jeupe safi katikati ya mawe yenye ukungu wa kijani, saizi ya sinia. Hapo chini kuna mayai na yanakaa wiki nyingi kabla hayajatoka. Hatua moja ya buti inatosha kuyaponda. Usikanyage, wala usiwavue wazazi wakiwa juu yake hata kama wanaonekana wazi na ni rahisi.

La mwisho buti zenyewe, zikaushe kabisa kabla ya kwenda kijito kingine. New Zealand walipiga marufuku soli za felti, kile kitambaa kinene cha nyuzi zilizoshindiliwa, mwaka 2008 kwa sababu ya mwani wa didymo, soli ile inashika maji na inabeba vitu hai kutoka mto hadi mto.

Kijito_Baridi

Mama shikamoo, na asante. Nimebana zote usiku huo huo.

Narudi na majibu wakuu. Nimekwenda juzi. Nilifika alfajiri kipimajoto kikasema nyuzi 9, hakuna aliyekuwa anapanda, nikageuza jiwe kama fundi alivyosema na nikaona wale wa mikia mitatu, weusi kidogo, wadogo kuliko nilivyodhani, kama punje ya mchele. Nikafunga nimfu namba 16 peke yake. Malindi mawili ya kwanza niliharibu yote, moja kwa jiwe lililogonga chini ya buti, la pili ni kale kadogo ka mkiani, kalikimbia nikakaona kwa macho yangu kanapita katikati na vivuli vitatu vinakafuata.

Lindi la tatu nikatambaa. Nikakaa nyuma ya jiwe dakika tano nimeangalia saa. Dakika ya tatu hivi jua likagusa maji na nikaona kitu nilichodhani ni jiwe refu kimeyumba kushoto, kikafungua mdomo, weupe wa ndani ya mdomo ndio niliouona, kikarudi mahali pake. Kumbe alikuwepo mda wote, mita nne mbele yangu. Nikarusha mara moja, nikainua ncha ya rodi mshipi ukawa hewani wote. Nimfu sikuiona. Nilisubiri tu ule weupe, ulipoonekana nikanyanyua kama kikombe.

Sijui hata alipigana mda gani. Sentimita 22 nimempima kwa alama niliyoweka kwenye rodi akiwa majini. Mkono mmoja chini ya tumbo lake, baridi yake hiyo, madoa mekundu nane upande mmoja nimeyahesabu. Ndoana ilitoka yenyewe. Alikaa kiganjani kama anafikiria, matamvua yanafunguka na kufunga, alafu nikahisi mkia umesukuma.

Sasa swali dogo. Baada ya hapo nilikaa nikaona wa pili kwenye lindi hilo hilo, juu zaidi chini ya mzizi, mkubwa kuliko yule. Nilirusha mara nne nimfu ikawa inapita juu ya kichwa chake hashuki wala hapandi. Nifanyeje na yule?

Dada_Ndoana

Hongera sana kaka, nimesoma mpaka nikasimama!

Huyo wa mzizini nimfu haimfikii, inapita juu yake. Rusha juu zaidi, mita moja na nusu au mbili kabla ya mzizi, ili ipate mda wa kuzama mpaka ifike usawa wa pua yake. Kama bado, funga yenye shanga ya shaba kichwani. Ila sio siku hiyo hiyo, mrusho wa nne umeshamwambia kitu. Muache siku mbili tatu, mwingie kwa ule upande mwingine, yeye haendi popote, ule mzizi ni wake.